Pete Alizofunga Shemeji Yako

Nyumbani, nyuma ya karakana,
Jumapili, 12 Oktoba.

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, mumeo na wanao. Goti linaendeleaje? Daktari amekuruhusu kupanda ngazi, au unapanda tu kwa ukaidi wako? Mama mkubwa hajambo. Masikio yamezidi kuziba, lakini umbea anausikia wote.

Ukiniuliza mimi, sijambo ya mdomoni. Nakula kwa sababu majirani wananisimamia mpaka sahani iishe. Najua uliumia kutoweza kuja kumzika shemeji yako. Usijilaumu, sina kinyongo. Ila upweke huu, mdogo wangu, sikuujua. Hata kukoroma kwake, ambako nilikulalamikia miaka yote, sasa nakutamani.

Wiki hii nimelia upya, na wa kumweleza ni wewe tu. Unamkumbuka Nahodha, yule mwenye boti ya kupeleka wageni ziwani, anayecheka kabla hajamaliza hadithi yake mwenyewe? Alikuwa amemwagiza shemeji yako fimbo mbili za kuvulia, pacha, za kusimamishwa huku na huku nyuma ya boti wakati inakwenda polepole ikikokota chambo. Ya kwanza ilikamilika. Shemeji yako alifunga pete ya mwisho kwa uzi, akapaka vanishi, akaitundika ikauke, akaenda kunawa mikono. Mengine unayajua. Pale bombani ndipo alipoanguka.

Ya pili ilibaki ufito mtupu, pete zake kwenye kopo. Nikasema nitaimalizia mimi. Kwani nani alikuwa akimshikia siku zote?

Pete ndizo zinazouongoza mshipi kutoka kwenye gurudumu lake hadi nchani, na hazifungwi kwa kukisia. Kwanza unazibandika kwa selotepu. Mmoja anavuta mshipi ili fimbo ijikunje, mwingine anazisogeza moja moja mpaka mshipi ufuate mkunjo bila kugusa fimbo. Mvutaji nilikuwa mimi. "Vuta!" "Nimevuta!" "Umevuta au umeshikilia tu?" Hatukugombana popote kama tulivyogombana pale, halafu tunakwenda kula tunacheka.

Safari hii fimbo niliibana kwenye jiliwa, mshipi nikaufunga kwenye ndoo ya maji. Ndoo haibishi, hainuni, haidai chai. Nilizipanga pete zote bila neno hata moja kusemwa mle ndani, kisha nikakaa chini nikalia kama mtoto.

Nahodha alipokuja kutazama kazi, alisimama mlangoni akikuna kichwa.

"Mama, naona hata aibu kusema. Samaki wameshuka chini sana. Siku hizi natumia ule mshipi wenye risasi ndani, ili chambo kizame."

Nikaelewa papo hapo. Mshipi ule ni mnene, na pale unapoungwa na mwingine pana fundo. Shemeji yako alichagua pete ndogo za kauri, kwa ajili ya mshipi mwembamba alioambiwa. Fundo lile halipiti. Litakwama nchani samaki akiwa anavuta, na mshipi utakatika.

"Hiyo ya pili niwekee pete kubwa," akasema. "Hii aliyofunga fundi usiiguse. Nitaitundika ukutani."

Moyo ulinitulia. Nilimshukuru, nikampa na chai. Lakini alipoondoka nikaanza kufikiri, nawe unajua nikishaanza kufikiri hapalaliki. Nahodha hana ukuta wa kutundika kitu, ana boti. Wageni wakijaa ataitumia tu. Atakuja mtu ametoka mbali, atanasa samaki ambaye hajawahi kumwona maishani, fundo litakwama, na atauliza, "Fundi gani huyu aliyetengeneza takataka hii?" Shemeji yako alikuwa na mdomo, angemjibu. Sasa hayupo wa kujibu. Mimi sikubali jina lake litukanwe huko majini.

Tena angekuwa yeye, angezikata pete zile siku ileile huku akipiga mluzi. Nilizofunga mimi alizikata mara ngapi bila hata kuniuliza!

Basi nikachagua upya. Nilijaribu kwanza zile zenye vigurudumu ndani, fundo likapita vizuri sana, lakini ni nzito, na fimbo ikafa ncha. Fimbo hizi lazima zitetemeke nchani. Hapo ndipo mvuvi anapojua chambo kinacheza vizuri na hakijabeba majani. Nikajaribu zile za waya, tundu pana, miguu myembamba. Nikapitisha fundo mbele, nikalirudisha nyuma. Halikugusa. Nikajua ndizo, na nikachukia kwamba ndizo.

Nilichukua wembe. Nilipasha moto vanishi kwa mashine ya kukaushia nywele, nikakata pembeni ya pete ya kwanza. Nilidhani uzi utafunguka mzima, niukunje, niuweke kwenye sanduku langu. Haufunguki, mdogo wangu. Vanishi ikishakauka, uzi unabanduka vipandevipande kama ganda la yai. Kila pete nilisema hii nitaitoa kwa uangalifu zaidi, na kila pete ilikuwa vilevile. Ile ya mwisho, aliyoifunga kabla ya kwenda kunawa, niliishika muda mrefu. Kisha nikaikata nayo.

Fimbo zote mbili nimezifunga pete mpya kwa uzi wa bluu, rangi yake. Ule mstari mwekundu aliokuwa akimalizia nao kila fimbo sikuuweka. Ule ni wake.

Nahodha alikuja jana. Akapitisha fundo katika fimbo ya kwanza, akapitisha katika ya pili, akazikunja pamoja, zikajikunja sawasawa. Akaelewa nilichofanya. Alivua kofia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakucheka. Kazi imetoka nzuri, tena nzuri sana, na hilo nalo linaniuma.

Msalimie sana mumeo, na wanao wote. Mwambie kitinda mimba wako soksi zake bado nazifuma. Mama mkubwa anasema umepunguza kumwandikia.

Nilikuwa niishie hapo, lakini nikuambie ukweli. Vile vipande vya uzi bado viko mezani. Nyumba nzima nimeisafisha, hadi kuta nimepiga deki, ile meza naizunguka. Mama mkubwa alishika kitambaa apanguse, nikamfokea mpaka nikaona haya. Kwa hiyo nakuomba uje, mara tu utakapoweza kusafiri. Sikuiti kunipa pole, pole ninazo tele. Uje unisafishie ile meza. Mimi nitasimama nje mpaka umalize.

Mungu akuponye, akulete salama.

Ni mimi dada yako akupendaye, na anayekungoja.