Ile Chupa Usiifungue

Kwa baba yangu mpenzi, Mwalimu Abdallah, Dunda, Bagamoyo.

Shikamoo, baba. Natumai hamjambo nyote na kifua cha mama kimepoa. Mimi ni mzima wa mwili. Ile chupa ya marashi niliyowapelekea, usiifungue. Simu ya maandishi nimekwisha kupeleka, ila najua maneno matatu hayatakutosha, ndiyo maana naandika.

Hapa Durban asali nyeusi inayobaki kwenye sukari ya miwa haitupwi. Tunaimimina mapipani, tunaitia maji na hamira, inaumuka na kutoa povu kama tembo la mnazi. Kisha hupikwa, mvuke ukapozwa, ikatoka spiriti nyeupe kama maji, na magari yanakwenda kwa hiyo. Siku ya kwanza kuona lori linatembea kwa miwa nilicheka peke yangu. Nikamwekea mama kidogo ya kuwashia jiko lake la pampu. Sikuwa na chupa ila ile ya marashi yenye picha ya waridi, nikaitia humo, nikaifunga kwa nta. Nilimwambia Hamisi, baharia wa Mlingotini aliyeichukua, awaeleze kuwa ni ya jiko.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba kabla ya kutoka kiwandani spiriti hutiwa sumu, watu wasiinywe. Juzi mwenzangu wa zamu aliinywa kwa siri. Leo haoni. Nilimshika mkono kumpeleka chooni, jua limewaka, naye ananiuliza kama kumekucha.

Nikiwa katika hali hiyo akaja Hamisi, anacheka. "Mzee kafurahi na marashi yako. Kasema haifungui mpaka mkeo Zuhura ashikwe na uchungu wa uzazi, ndiyo atakayooshea kombe."

"Hukumwambia ni ya jiko?"

"Lo, nimesahau, ndugu yangu."

Baba, palepale nilikimbilia posta kupeleka simu. Aya ulizoandika sahanini kwa zafarani kuoshwa kwa kileo, hilo peke yake lingenitosha kuwa dhambi. Na maji ya sahani hiyo angeyanywa mke wangu, kutoka mkononi mwako, kwa bismillahi.

Chupa ifukie mbali na kisima. Kombe lioshe kwa maji matupu.

Nisalimie mama, shangazi wa Mlingotini, na jirani yetu seremala. Zuhura mpe salamu za mumewe, na umwambie asinywe chochote kilichotoka kwangu.

Mwanao,
Salehe