Risasi Ndefu, Kisanduku Kifupi

Overport, Durban

Yaya Samweli, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji na watoto, hata yule jogoo wa jirani kama bado hajaliwa. Mgongo unasemaje? Mama aliniambia kwenye simu umeanza tena kubeba magunia. Acha, yaya, tafadhali. Mimi niko mzima, nimenenepa kidogo, na bado ni kinyozi bora kuliko wote kuanzia Overport mpaka Isipingo. Wengine watakuambia vingine. Hao ni watu wa wivu.

Nasikia shemeji alishtuka na ule ujumbe wangu wa sauti wenye mambo ya risasi, akadhani nimeingia jeshi. Mwambie atulie. Habari ni hii.

Iko mzee mmoja mzungu, Mzee Gordon, anakaa Glenwood kwenye nyumba kubwa ya zamani, vyumba vya nyuma amepangisha wanafunzi. Alikuwa fundi wa reli. Siku hizi mikono inatetemeka na magoti hayamtaki, basi kila Jumamosi mimi namfuata huko namnyoa. Anayemwangalia ni bintiye, Lorna. Huyu mama ni mwalimu, na anaongea na watu wazima kama vile wote wamesahau daftari nyumbani.

Mzee ni mwindaji. Kila majira ya baridi yeye na kaka yake walikuwa wanaenda shamba moja la wanyama huko kaskazini, wanapiga swala wao kwa ruhusa, wanarudi na nyama. Na risasi hawanunui dukani, wanajitengenezea mezani. Unachukua ganda lililokwisha kutumika, unalitia fataki mpya, kile kidude cha kuwashia baruti, unapima baruti, halafu juu unabana kichwa cha risasi. Sasa kaka mtu alikufa, akamwachia mzee boksi la vichwa vya shaba tupu, virefu. Mzee akasema mwaka huu lazima aende, na atapiga kwa vichwa vya kaka yake, si vingine.

Lakini mkono unaotetemeka haupimi baruti. Siku moja namnyoa nyuma ya sikio, akasema, "Mkono wako umetulia. Njoo garaji."

"Mzee," nikamwambia, "mkono huu umenyoa maaskofu."

Ni mchungaji mmoja tu, tena mara moja, lakini mzungu atajuaje?

Basi nikafanya kazi, yeye amekaa pembeni ananisimamia, maana vibali vyote ni vyake na sheria ya hapa haina mchezo. Kabla ya yote tukatengeneza moja isiyo na baruti wala fataki, ya kupimia tu. Ikatoka nzuri, inang'aa. Ikakataa kuingia. Magazini, yaani kile kisanduku cha chini ya bunduki kinachobeba risasi, ni fupi. Bunduki ya kaka yake ilikuwa na kisanduku kirefu, lakini mjane alishaiuza. Hii ya mzee, ncha ya risasi inagonga ukuta wa mbele. Inazidi kwa unene wa kucha, basi.

"Tukisukume kichwa ndani zaidi," nikasema.

"Kikizama ndani kinakula nafasi ya baruti. Presha inapanda. Bunduki ikinilipukia usoni, wewe utanyoa nini?"

"Tupunguze baruti."

Tukapunguza, kwa kufuata kitabu chake, tukaenda kwenye uwanja wa shabaha. Karatasi ilitobolewa huku na kule kama imeliwa na panya. Mzee akaikunja ile karatasi, tukarudi kwenye gari. Akasema, "Hapana." Mimi nikaleta wazo la tupa, tukwangue ule ukuta wa mbele. Akaninyang'anya tupa.

Ikabaki njia moja. Magazini unaiacha tupu, risasi unaitia kwa vidole moja kwa moja kwenye chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu, unafunga, unapiga. Ukitaka nyingine, unatia nyingine. Hapo urefu si shida tena. Shida ni vidole.

Lorna akasikia. "Baba, ukimjeruhi mnyama tu, ya pili utaitia saa ngapi? Akishafika Msumbiji?"

"Nitaitia."

"Haya. Jumapili baada ya chakula, hapa mezani, mbele yangu. Mara tatu bila kuangusha. Ukiangusha hakuna safari, na bunduki inauzwa."

Mzee akakubali. Kwa vichwa vigumu, hawa wangeweza kuwa ukoo wetu.

Wiki nzima nilikuwa nikifunga saluni napanda taxi kwenda kumfanyisha mazoezi na ile risasi tupu. Eish, yaya, nimeinama kuokota mpaka nikakukumbuka wewe na mgongo wako. Halafu nikafikiria kwaya yetu ya kanisani hapa Durban. Kule mwimbaji mwenye woga tunampigia makofi polepole mpaka mwili unaingia kwenye mdundo. Nikaanza kumpigia meza, ule mdundo wetu wa kupeleka sadaka mbele. Mkono juu, mkono chini, tia, funga. Ikaingia. Tena ikaingia.

"Muziki gani huu?" akauliza.

"Wa kutoa sadaka."

"Ndiyo maana mfuko umeanza kuniuma."

Jumapili ikafika. Nikanyoosha vidole nianze, Lorna akanizuia. "Hakuna kupiga meza. Porini nani atampigia?"

"Mimi!"

"Wewe utabaki hapa na mbwa wetu."

Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia, mzee midomo inacheza, anahesabu mdundo kimoyomoyo. Ya tatu iligusa ukingo wa chemba, ikageuka, ikaanguka, ikabingirika chini ya meza.

Mzee akaweka mikono kwenye mapaja. "Sawa," akasema. "Iuze." Hakumtazama mtu.

Lorna akainama chini ya meza, akaiokota, akaifuta kwa sketi. Akaishika kidogo. Kisha akaitia mwenyewe kwenye chemba, akafunga. Akafungua, akaitoa, akaitia tena. Ndipo akanigeukia.

"Huo mdundo wenu unaanzaje?"

Wakaenda wawili. Mimi nikabaki na mbwa, mnyama asiye na shukrani kabisa. Waliporudi waliniletea paja la swala, tukalila kwaya nzima. Nikamwuliza mzee alipiga ngapi.

"Moja," akasema. "Ya pili sikuihitaji."

"Lakini nilikuwa nimeishika," akasema Lorna.

Msalimie mama, mwambie mkanda wa suruali umeniishia matundu. Msalimie shangazi muuza dagaa, shemeji mwenye hofu ya jeshi, na mwalimu wetu wa kwaya wa zamani. Mwambie ule mdundo wa sadaka aliotufundisha sasa unajulikana na wawindaji. Na magunia wape vijana wabebe.

Nakukumbatia kwa mikono miwili iliyotulia,

mdogo wako Dieume, kinyozi wa Wakongo, Warundi, Wazungu, na rais akitaka aje, kiti iko.