Mahari Niliyomdai Hamisi

Jumatatu, 3 Machi 1952
Nimefua tangu asubuhi. Mvua, nguo hazikauki. Mtambo wa umeme unanguruma na moshi wa dizeli umeingia mpaka jikoni. Taa ni za bomani na klabu ya Wazungu. Sisi wa Ng'ambo, mtaa wa Waafrika, fungu letu moshi.

Eda imekwisha. Hamisi ameleta posa kwa kaka yangu Juma. Hamisi huyohuyo aliyekuwa zamu moja mtamboni na marehemu mume wangu Ramadhani, akamwambia msimamizi kwamba Ramadhani alilewa, ndiyo maana gurudumu la mtambo likamkamata. Ramadhani hakuonja pombe maisha yake.

Namchukia.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe hakuitikia shikamoo yangu. Anaamini mwanawe alikufa mlevi. Hata hitima alikataa isisomwe.

Alhamisi, 6 Machi
Maganga, mpakuzi wa mapipa ya mafuta pale mtamboni, amenieleza alichokiona. Ramadhani alikuwa ameinama, anasafisha gurudumu. Klabuni kuna dansi, msimamizi anafoka anataka taa. Hamisi akawasha bila kumwita mwenzake. Nimemwomba Maganga aseme hadharani. Anaogopa kufukuzwa.

Damu ya Hamisi haitanifaa. Nautaka mdomo wake.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekubali posa. Juma amefurahi. Nimecheka naye, nia yangu nimeificha.

Ijumaa, 14 Machi
Watu walijaa barazani kwa ndoa baada ya swala. Mama mkwe nilimwendea mwenyewe nikamwangukia, akaja. Shehe akasimama mlangoni kuniuliza mahari. Nilisema kwa nguvu, wote wasikie.

"Mahari yangu ni neno. Hamisi aseme Ramadhani alikufaje."

Hamisi akainuka atoke. Maganga alikuwa amekaa njiani, hakumpisha. Shehe akamwambia ajibu.

"Hakulewa," Hamisi akasema. "Niliwasha mtambo bila kumwita."

Mama mkwe akaangua kilio. Nikamwambia shehe ndoa siitaki. Hamisi alitoka mvuani na kanzu mpya, viatu kaviacha. Nilimtazama mpaka akapotea. Nilifurahi. Sana.

Jumapili, 16 Machi
Msimamizi hajabadili kauli yake kwamba Ramadhani alilewa, wala sidhani atabadili. Hamisi wanasema kapanda treni ya Kigoma.

Mama mkwe amekuja na kuku na mchele wa hitima. Tumeuchagua pamoja kutwa. Jioni ameomba alale hapa. Nimemtandikia upande wa Ramadhani.