Nilivyoifunga Tovuti ya Mganga

Jumatatu, tarehe 4
Uji, sindano ya mama mkwe, halafu kazini. Ila leo tena Maman Bernadette amekataa sindano. Siku ya pili sasa. Ugonjwa wa sukari anao miaka mingi, bila insulini hana usalama. Mganga mmoja kwenye intaneti amemwambia atupe sindano, anywe majani yake. Asubuhi nzima yuko na tableti, anamsikiliza. Nimechukia. Mume wangu Déo yuko Minova kikazi. Kwa simu anasema nimwache mama yake. Simwachi.

Jumanne, tarehe 5
Kipimo cha sukari kiko juu sana. Muuguzi amekuja, amebishana na Maman, amefukuzwa. Mlangoni aliniambia: akiendelea hivi, wiki haiishi kabla hajalazwa.
Nimegeuza ruta, kile kisanduku cha intaneti. Chini kuna karatasi yenye anwani na neno la siri. Nimeingia. Yote Kifaransa. Nimepata sehemu ya kuchuja tovuti, nimeandika jina la ile ya mganga, nimebonyeza. Intaneti ya nyumba nzima ikakatika. Kumbe nimechagua liste blanche, ile inayoruhusu zilizoandikwa tu. Yaani nimefunga dunia yote, nikamwachia mganga peke yake! Nimecheka mpaka machozi. Halafu nikalia kweli.

Jumatano, tarehe 6
Leo liste noire, ile inayofunga zilizoandikwa tu. Imekubali! Nimejaribu kwa simu yangu, ukurasa haufunguki. Nimecheza peke yangu jikoni.
Mchana umeme ukakatika. Uliporudi, mganga naye karudi. Nilibonyeza Appliquer, ya kutumia sasa hivi, nikasahau Enregistrer, ya kuhifadhi. Nimerudia yote, nimehifadhi, nimezima ruta na kuiwasha makusudi. Bado imefungwa. Mimi, sekretari wa shule ya msingi hapa Kadutu! Hakuna aliyenifundisha.

Alhamisi, tarehe 7
Maman anahangaika na tableti. Kiu haimwishi. Macho yanaona ukungu. Sindano bado hataki.
Ameniuliza, "Maman Neema, hii connexion iko na nini?"
Ningeweza kumdanganya. Sikutaka.
"Ni mimi nilifunga ile tovuti, Maman. Sitaki kukuzika."
Amenitazama. "Unanifanya mutoto?"
Kaingia chumbani, kafunga mlango. Chakula amekataa. Naogopa. Déo atanilaumu. Sijutii.

Ijumaa, tarehe 8
Kabla ya uji ameniita. Yuko kitandani, amefungua kitenge, tumbo wazi.
"Choma."
Nimechoma. Ndipo akasema: yale majani hayakumsaidia hata siku moja. Aliona mwenyewe. Aibu ndiyo iliyomziba mdomo, baada ya kumfukuza muuguzi.
Muuguzi amerudi, amekaa naye mpaka alasiri. Kipimo kimeshuka. Kimeshuka! Nimepiga vigelegele, jirani akaja kuuliza nani anaoa. Nimempigia Déo. Amesema, "Merci, chérie." Nimemwambia arudie. Amerudia.

Jumapili, tarehe 10
Misa ya kwanza, mimi na Maman, polepole kwenye mteremko. Samaki mchana.
Baadaye Maman kaja kukaa kando yangu na tableti. Yule mganga ana tovuti nyingine, jina lingine, sauti ileile. Ameigundua mwenyewe.
"Hii nayo, funga."
Nimefunga. Hakuondoka. Kavuta sinia, kaanza kuchambua majani ya muhogo kwa sombe ya kesho. Nje mvua. Nami nikachambua naye.