Ukuta wa Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Kompresa imegoma mara mbili kabla ya chai. Barafu kavu imefika kutoka Nairobi kwenye sanduku lake, moshi mweupe ukimwagika miguuni. Duka la magodoro hapa mjini liliungua wiki jana. Hakuna aliyekufa. Sisi tumeitwa kutoa masizi. Punje za barafu, ndogo kama mchele, zinarushwa ukutani kwa upepo wa kompresa. Masizi yanabanduka, barafu inageuka hewa. Hakuna maji. Milango lazima iwe wazi, la sivyo hewa hiyo inakuzimisha.

Musyoka, bosi wangu, anataka tuanze na ukuta wa nyuma. Miaka minne sijawahi kuanza nyuma. Tunaanzanga mlangoni. Nimeuliza sababu.

"Mwende, mwenye duka amesema hivyo."

Basi. Kompresa ikafa kabisa, nikaenda nyumbani nikiwa na shukrani.

Jumanne, 4 Machi

Getini kuna mama ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ni mke wa Mzee Kioko, soja anayelinda duka usiku. Mzee amewekwa ndani na polisi. Wanasema aliacha jiko lake likiwaka, na korti imeruhusu akae seli hadi uchunguzi uishe. Mama ametoka kijijini Ndithini kumwomba mwenye duka aseme neno. Mwenye duka amepita na gari, vioo vimefungwa. Nimemsalimia mama kwa Kikamba chetu, "Mwaitu, umekula?" Alikuwa bado anatazama lile gari.

Fundi wa kompresa amekawia. Nikaingia kuangalia kona ya soja. Jiko liko pale, limesimama wima, majivu yametulia ndani yake. Kiti cha plastiki hakijayeyuka. Kalenda ya ukutani imeungua juu tu. Chini bado inasomeka. Moto haukuanzia hapa. Hata mtoto ataona.

Nikaenda nyuma. Masizi yamepanda ukutani kama faneli, nyembamba chini, pana juu. Ncha yake iko kwenye sanduku la stima. Nyaya zimesokotwa pamoja bila hata plagi, mmoja umepitishwa kwa tundu hadi kwa jirani anayechomelea mageti.

Nimepiga picha kumi na moja. Nilikuwa napiga haraka haraka. Si woga. Hasira.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia Musyoka sigusi ukuta ule kabla mtu wa bima hajauona. Anakuja Ijumaa. Musyoka akanionyesha sanduku. Barafu imeshuka karibu nusu tangu juzi. Haingoji mtu, inaenda zake hewani hata ukifunika. Akasema hiyo ndiyo shida ya kazi yetu, hatuwezi kukaa tu. Nikasema tuanze mlangoni. Akasema hapana.

Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Bima hailipi moto wa nyaya za kienyeji. Unataka nikuchoree?"

Sikutaka. Nilielewa. Na yeye pia anaelewa, na hilo ndilo linaniudhi zaidi. Musyoka alinifundisha kushika mpira wa kurushia barafu. Alinifundisha kusoma masizi! Ameyasoma yale.

Nimevua glavu nikaziweka juu ya sanduku. Jioni nimepeleka picha kituo cha polisi. Afisa ameangalia mbili, akanirudishia simu. Amesema nije Jumatatu, mwenye faili hayuko. Nimetukana njia nzima hadi nyumbani.

Alhamisi, 6 Machi

Ameusafisha mwenyewe. Nilisikia kompresa nikiwa barabarani. Nimemkuta ndani na miwani yake, ukuta mweupe kama yai. Sanduku la stima limeondolewa.

Nimempigia kelele mbele ya watu. Kwamba kuna mzee analala sakafuni kwa ajili ya uongo huu. Kwamba yeye pia ana baba. Akazima mashine, akasema nisirudi tena.

Mke wa Kioko alisikia yote. Akainuka kutoka kwenye ndoo, akaniuliza kwa Kikamba kama ukuta ukishasafishwa hivyo mzee ataoza ndani. Namchukia Musyoka. Najichukia kwa kutosimama mlangoni asubuhi kumzuia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda hata hivyo. Mtu wa bima ni mwanamume mfupi, mkimya, ana tochi. Mwenye duka alikuwa anamwonyesha jiko. Nikapita katikati yao nikampa simu yangu.

"Huyu tumemfuta kazi," Musyoka akasema.

"Jana," nikasema. "Picha ni za Jumanne."

Yule mtu akaziangalia zote kumi na moja. Akauliza kwa nini duka zima ni jeusi isipokuwa ukuta mmoja. Akaenda nyuma, akakwaruza plasta kwa kucha. Ikadondoka. Chini yake matofali yameiva mekundu, yamepasuka, kwa umbo lile lile la faneli. Barafu inatoa masizi. Haiwezi kurudisha ukuta ulioungua.

Mwenye duka akaanza kupiga simu. Musyoka akatoka nje. Hakunitazama.

Jumatano, 12 Machi

Mzee Kioko ameachiliwa, baada ya polisi kupata ripoti ya bima. Nimeambiwa na mkewe kwa simu ya jirani. Nimelia, halafu nikakasirika tena: siku zote zile, na hakuna aliyemwomba msamaha.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda Ndithini baada ya misa. Mzee amekonda. Tumekaa kivulini mwa nyumba tukipukuchua kunde za mbegu, maana mvua iko karibu. Hakuuliza habari za duka. Katikati ya kazi akasema, "Nilijua si mimi. Lakini siku ya nne selini niliamka nikaanza kukumbuka nikiliacha lile jiko likiwaka. Nililiona kabisa."

Mkewe alisukuma ungo karibu na mimi, nikachota konzi nyingine.

Tumepukuchua hadi jua likatufikia miguuni. Kunde zilijaa debe. Mzee akalifunika kwa gunia, akaenda kufungua mbuzi.