Hema la Bruno

Jumanne, Al Jaddaf

Kinyaa bado hakijaniisha. Madam, mwajiri wangu huku Uarabuni, anampeleka mbwa wake Ujerumani, wakalale kwenye hema la kifahari milimani, kando ya ziwa. Leo kalisimamisha sebuleni ili Bruno alizoee. Mbwa akagoma kuingia.

"Yalla, Mwanaisha, ingia naye."

Nikaingia. Akanilamba uso mzima, mpaka mdomoni. Ptu!

Nimejiosha mara saba, moja kwa udongo. Ghorofa ya ishirini udongo utoke wapi? Nimeuchota kwenye chungu cha maua cha Madam.

Niliporudi, Bruno kalala fofofo hemani, juu ya kanga niliyopewa na mama. Madam anacheka.

"Harufu yako inamtuliza. Kanga hii tutaibeba."

Miaka minne naomba likizo nikamwone mama. Kanga yake inapanda ndege Alhamisi.