Unga wa Kimondo

Warigia, uko? Nimetoka kwa Mjomba Mulwa saa hii na bado siamini alichoniambia.

Unajua alisomea fizikia. Mwaka wa themanini na mbili, akiishi mtaa wa Jericho na nyanya, mamake, kimondo kilianguka shambani kwao Mwingi, akapata kipande kidogo. Akakisaga CHOTE. Eti unamulika ule unga, unapima rangi za mwanga unaorudi, halafu unalinganisha na mwanga wa asteroidi, yale mawe ya angani, kwenye darubini. Zikifanana, umejua jiwe lilitoka wapi.

Mashine ya chuo angeipata kesho yake. Unga akauacha kwa mkebe jikoni. JIKONI, Warigia!!

Kurudi jioni, mkebe mtupu. Nyanya amesugulia sufuria.

SUFURIA.

Mjomba akakimbilia mtaro wa nje, akapiga magoti, akachota matope kwa mikono. Majivu, povu, punje za wali. Alilia bila sauti, majirani wakimshangaa.

Nikamuuliza, sasa ulimwambia nini nyanya?

Akasema, "Ningemwambia nini? Alinijia kwa nyuma amebeba sufuria inang'aa kama kioo, anacheka. 'Mulwa, huo mchanga wako ni mzuri sana. Niletee mwingine.'"